Kikombe Kisichopoa

Kikombe kilikuwa kimetoka tanurini tangu juzi, lakini Thirza Bloor alipokishika kilikuwa bado na joto. Si joto la moto. Ni joto la ngozi, kama shavu la mtoto aliyelala.

“Mjomba, mbona hakijapoa?”

“Umepewa bure na bado unakagua?” Jabez Colclough alicheka. “Mpelekee mjukuu wangu anywee maziwa.”

Jabez, kaka wa mama yake, alikuwa msimamizi wa kinu cha kusagia mifupa pale Longton. Kauri nyeupe ya mji ule ilikandwa kwa udongo na unga wa mifupa ya ng'ombe, na vyombo vilivyotoka na dosari wafanyakazi waliruhusiwa kwenda navyo nyumbani. Hiki kilikuwa na doa dogo ukingoni. Mzee alikificha ndani ya koti lake wengine wasikiwahi, ili kimfikie Silas, mwana wa Thirza, aliyekuwa ndiyo kwanza anaachishwa ziwa. Wema wa namna hiyo Thirza hakuusahau.

Silas alikipenda kikombe kile hata akawa analala nacho. Ila maziwa yaliyobaki chini yalianza kunuka udongo mbichi, kama shimo lililofunuliwa baada ya mvua.

Kiwandani, Thirza alibandika mikono ya vikombe. Keturah Tams, jirani yake wa benchi, ndiye aliyevifinyanga. Thirza alipojifungua, Keturah alimfulia nguo bila kuombwa na kumletea chapati za shayiri zikiwa bado moto. Mchana mmoja mlezi alimleta Silas aone mama yake, na Keturah akamnyakua.

“Shoga, huyu amekuwa mweupe hivi! Tumbandike mkono, tumpeleke sokoni!”

Wanawake wakaangua kicheko. Thirza naye alicheka, huku akimfuta mtoto maziwa kidevuni. Ukucha wake ukagonga shavu.

Shavu likalia. *Tiiing.* Mlio safi na mrefu, kama wa kauri nzuri inapopimwa kwa kugongwa.

Keturah akamrudisha mtoto kwa mama yake haraka.

Thirza alimfunga mtoto kifuani akakimbia nyumbani, na njia nzima moshi wa matanuri ulikuwa umeuziba mchana hata taa za barabarani zilikuwa zimewashwa, na kifuani pake Silas alikuwa mzito, baridi, hakunji mguu, hakunji mkono, macho yake tu ndiyo yaliyokuwa yakizunguka yakimtafuta mama. Akachukua nyundo ya kuvunjia makaa ya mawe. Alipokiinua kikombe ili akivunje, Silas akapiga yowe, na ufa mwembamba kama unywele ukamtambaa shingoni. Nyundo ikamponyoka mkononi.

Ndipo kikombe kilipovuta pumzi.

“Wangu alikuwa kifuani pangu,” sauti ya mwanamke ilisema kutoka ndani yake, taratibu, kama mtu mwenye vumbi kooni. “Nani alimsaga mwanangu?”

“Sijui,” Thirza alinong'ona. “Haki ya Mungu sijui, mama. Mwachie wangu.”

“Kaulize.”

Akaenda kinuni. Jabez alipomwona mtoto, kicheko kilimfutika usoni. Akamvuta mpwa wake nyuma ya marundo ya mifupa.

“Punguza sauti. Wale wachimbaji wa udongo wa matofali walitoboa makaburi ya zamani, ya watu waliokufa kwa kipindupindu. Wakaniletea mifupa kwenye mkokoteni, wakaniomba niizike upya mahali pazuri.”

“Ukaizika?”

Mzee alitazama viatu vyake. “Mvua ilikuwa inanyesha, Thirza. Kinu kilikuwa wazi mbele yangu. Nikasema mfupa ni mfupa tu.”

“Kulikuwa na mtoto?”

“Kadogo. Juu ya mama yake.” Akavua skafu yake ya sufu, akamzungushia Silas shingoni palipokuwa na ufa. “Usimwambie mtu, mwanangu.”

Thirza alirudi polepole. Alimkumbuka Jabez akimbeba mabegani alipokuwa mdogo, alikumbuka koti lililoficha kikombe, na skafu ile ilikuwa bado na joto la shingo yake. Lakini alipofika nyumbani macho ya Silas yalikuwa yameacha kuzunguka, meupe yote yaking'aa kama yamepakwa rangi ya kioo, na harufu ya udongo mbichi na mfupa uliounguzwa ilikuwa imejaa chumba hata kupumua kukawa kama kumeza mchanga, na kikombe kilikuwa kimekaa katikati ya meza kikimsubiri. Akapiga magoti.

“Jabez Colclough,” alisema. “Wa kinuni.”

Kesho yake wafanyakazi walimkuta mzee ameketi ameegemea kinu, mdomo wazi. Unga mweupe wa mifupa ulikuwa umemjaa kinywani, puani na kooni, umeshindiliwa kama mtu aliyelishwa kwa mikono miwili.

Silas aliamka akilia njaa, laini, mwekundu, anakojoa kila mahali. Thirza alimbusu nyayo, mmoja baada ya mwingine, huku machozi yakimtoka. Akamwimbia. Kisha akamnong'oneza mjomba wake aliyekufa, akimwomba radhi, akimweleza kwamba mama yeyote angefanya vile.

“Aliyesaga nimempata,” kikombe kilisema.

Thirza alimkumbatia mtoto. “Tumemaliza. Nilikutajia!”

“Aliyesaga ni mmoja tu. Baada ya kusaga, mwanangu alikandwa, akabinywa, akazungushwa, akafanywa kitu cha kunywea. Nani aliyemfinyanga?”

“Hakujua! Hakuna aliyejua pale benchini, naapa!”

Mkononi mwa Thirza, kidole gumba cha mguu wa Silas kilipoa. Kikawa cheupe. Weupe ukapanda wayo, ukafika kwenye kifundo, na ulipopita uliacha ngozi inang'aa.

Mlango ukagongwa.

“Shoga, ni mimi,” Keturah aliita kutoka nje. “Fungua bwana, mikono imejaa. Najua hujala tangu msiba. Nimekuletea chapati, na nimemshonea Silas soksi.”

Weupe ulifika gotini.

Thirza alimtazama mwanawe. Akainama juu ya kikombe hata midomo yake ikagusa ukingo wenye joto.

“Yuko mlangoni,” alisema.