Mkataba Mmoja Kwanza

Uliona, ukageuza uso. Ulimwona mzazi wako akibonyeza simu huku jasho likimtoka, ukajiambia hayo ni mambo ya wakubwa. Mwihaki pia aligeuza uso, hadi siku ng'ombe alipotajwa.

Mwihaki alikuwa gredi ya sita, katika shule moja karibu na Endebess. Kila asubuhi alimshikia baba yake ndoo wakati wa kukama, akabeba maziwa hadi barabarani, kisha akakimbia shuleni. Maziwa hayo ndiyo yaliyonunua unga, sare na vitabu vyake.

Kila Ijumaa alasiri kilikutana chama cha wakulima chipukizi. Mwalimu Nakhumicha aliwafundisha fyucha, biashara ambayo watu wazima wengi walikuwa wameianza kwenye simu. Unafunga mkataba leo ukitarajia bei itapanda kesho. Ikipanda unapata, ikishuka unatoa. Shuleni hawakutumia pesa. Kila mwanafunzi alipewa punje mia moja za maharagwe. Bei ya gunia la mahindi sokoni Kitale ikipanda shilingi kumi, mkataba mmoja ulikuletea punje moja. Ikishuka kumi, ulirudisha moja.

"Anzeni na mkataba mmoja," Mwalimu alisema. "Ukifikisha punje mia mbili, ongeza wa pili. Ukishuka tena chini ya mia mbili, rudi kwa mmoja. Kurudi si aibu."

Mwihaki alishinda Ijumaa nne mfululizo. Alipofikisha punje mia moja na arobaini, alichoka kutambaa. Akachukua mikataba kumi kwa mpigo.

"Ati kumi? Sasa tukuite tajiri, bana!" Sufian, aliyeketi naye dawati moja, alimcheka.

"Wewe baki na huo mmoja wako, mwoga!"

Wiki hiyo malori ya mahindi kutoka Uganda yalimiminika kupitia mpaka wa Lwakhakha. Bei ikaanguka kwa shilingi mia moja na hamsini. Mkataba mmoja ulikula punje kumi na tano. Kumi ikala mia moja na hamsini. Mwihaki alimwaga punje zake zote mezani, na bado akapungukiwa na kumi.

"Mwalimu, hizi kumi nitazitoa wapi?"

"Hilo ndilo swali," Mwalimu Nakhumicha alijibu. "Kwa maharagwe tutacheka tu. Lakini mwangalie Sufian. Amepoteza kumi na tano, na Ijumaa ijayo bado yumo mchezoni. Wewe umo wapi?"

Mwihaki alirudi nyumbani kichwa chini. Baba yake, Gathogo, alimpokea akitabasamu. Miezi mitatu iliyopita alikuwa ameweka shilingi elfu hamsini katika akaunti ya fyucha, akifanya mkataba mmoja tu wa kahawa. Sasa akaunti ilikuwa na elfu sitini.

"Kesho tunaenda Bungoma," alisema. "Kinyua, yule anayetufundisha fyucha, ana mkutano. Utanisomea Kiingereza cha simu. Anasema akaunti yangu imekomaa, nipande hadi mikataba kumi. Ng'ombe nimeshampatia mnunuzi. Elfu sitini nyingine za kuongeza kwenye akaunti. Jumatatu anachukuliwa."

Mwihaki akaitazama ndoo ya maziwa. Bila ng'ombe, unga ungetoka wapi?

Ukumbi wa Bungoma ulijaa wakulima na wachuuzi. Kinyua alivaa suti ya buluu na viatu vilivyong'aa kama kioo. Watu wa aina yake tunawakumbuka hata wakibadilisha suti. Walikuja na sungura wa kufuga, eti wangetutajirisha. Wakaja na mayai ya kware. Kila mara waliondoka na pesa zetu, wakatuachia vizimba vitupu.

"Maskini huongeza kidogo kidogo!" Kinyua alinguruma. "Tajiri anaruka! Nani ataruka leo?"

Makofi yakapigwa. Lakini Mwihaki alikuwa akisoma simu ya baba yake, mstari kwa mstari. Akaona wiki moja ya hasara ambayo baba hakuwa ameitaja nyumbani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaona ada. Akasimama.

"Keti chini, unaniaibisha," Gathogo alimnong'oneza.

"Siketi, Baba, mpaka ajibu." Akapaza sauti. "Bwana Kinyua, wiki moja mwezi uliopita, mkataba mmoja wa baba ulikula elfu kumi na tatu. Angekuwa na kumi, si angepoteza laki moja na elfu thelathini? Hata akiuza ng'ombe atakuwa na laki moja na elfu ishirini tu. Elfu kumi zilizobaki atalipa nani?"

Watu wakamgeukia Kinyua.

"Huyu mtoto ameletwa na nani?" Kinyua alicheka. "Woga ndio mama wa umaskini."

"Na hapa wameandika kila mkataba ukifungwa, wewe unapata mia tatu. Mikataba kumi ni elfu tatu. Baba apate, apoteze, wewe unakula tu!"

"Si umjibu mtoto!" alifoka Shamira, mama aliyeuza vitenge sokoni. "Mia tatu zangu pia unakula?"

Kinyua alitazama saa yake, akasema muda wa maswali umekwisha. Watu wakaanza kutoa simu na kusoma zile herufi ndogo.

Gathogo alimshika binti yake mkono, wakatoka. Hapo hapo kando ya bodaboda akampigia mnunuzi: "Ng'ombe hauzwi." Kisha akamgeukia Mwihaki.

"Ile wiki niliificha kwa aibu," alisema. "Nilidhani kuruka ndio ujasiri. Mwanangu, biashara inakuzwa kwa faida yake yenyewe, si kwa chakula cha nyumbani. Nitabaki na mkataba mmoja. Akaunti ikifika laki moja bila kuongezwa senti, nitachukua wa pili. Ikishuka, nitarudi kwa mmoja. Na mtu akikusukuma ukue haraka, uliza kwanza yeye anapata nini."

Sasa wewe. Usingoje maswali ya ufahamu. Funga kitabu, nenda kwa mwenye simu nyumbani kwenu, umwulize: wiki mbaya kabisa ikija, tunapoteza pesa ngapi, na zikipungua nani atalipa? Akikufukuza, rudi uulize tena. Leo, kabla mnunuzi hajafika na kamba.