Saa Kumi za Fundi Masumbuko

Ndugu zangu wa Tunduma, leo nawasimulia habari za jirani yangu Masumbuko, fundi cherehani. Ameniruhusu mwenyewe, kwa sharti moja tu: nisimpunguzie aibu. Basi sitampunguzia.

Mimi natengeneza redio mkabala na kibaraza chake. Kwa miaka mingi asubuhi zetu zilikuwa tamu. Cherehani yake ilianza kulia mapema, mkewe Sekela akikata vitambaa pembeni huku akiimba nyimbo za kwaya, na wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, wakivuka mpaka na vitenge vyao mkononi. Hawakuwa matajiri, lakini walikuwa na kazi, na kicheko hakikukauka pale.

Kisha Masumbuko akajitengenezea tovuti. Hilo si kosa, msinielewe vibaya, hata mimi naitamani. Aliijenga kwa simu, siku mbili tu. Akaweka picha yake amevaa tai, jina lake kwa herufi kubwa, na ukurasa wa miadi ambapo mteja anachagua siku na saa ya kuja kupimwa. Conjesta, mwenye steshenari ya jirani, ambaye mambo hayo anayajua, alimwomba kwa upole.

"Shemeji, nipe niisome mara moja kabla hujaisambaza."

"Dada Conjesta, wewe baki na fotokopi zako. Hii nimeijua yote."

Ujuaji huo! Uliniudhi, lakini nilinyamaza, na hapo nami nina kosa langu.

Akatangaza kwamba hatakaa tena kibarazani kusubiri watu kama muuza karanga. Mlango utafunguliwa kwa miadi tu.

"Baba Lusubilo, na wale wasio na intaneti?" Sekela aliuliza.

"Watajifunza."

Walijifunza kwenda kwa mafundi wengine. Sekela akabaki hana kitambaa cha kukata, akaanza kuuza ndizi sokoni ili nyumba iende.

Miadi ilikuja, si kwamba haikuja. Mteja mmoja wa Nakonde aliandika 9:00. Masumbuko akafika saa tisa alasiri, akakaa hadi jua likazama, wala hakuona mtu. Mwingine vivyo hivyo, na mwingine tena. Mwishowe akapandisha hasira: "Wazambia wamekuwa waongo!" Akaacha hata kuwaitikia salamu. Watu tunaozikana nao na kuoleana nao! Niliumia sana.

Ndipo ikaja miadi kubwa. Mama mmoja wa Nakonde, Bamayo Mutale, yaani Mama Mutale kwa Kibemba, alikuwa anamwoza binti yake, akataka gauni la bibi harusi pamoja na magauni ya wasimamizi kumi na sita. Jumamosi, 10:00. Kazi hiyo peke yake ingemrudisha Sekela kwenye mkasi wake. Masumbuko alifurahi, na Jumamosi asubuhi akaenda kunyoa bila wasiwasi.

Saa nne asubuhi Bamayo Mutale akafika na binti yake na furushi la vitambaa. Mlango umefungwa.

"Mara ya pili hii!" aliniambia, machozi yakimlenga. "Juzi nimekuja saa ya miadi ya kwanza, kumefungwa. Harusi inakaribia. Naenda kwa fundi mwingine."

Kwa bahati Sekela alikuwa anapita na beseni la ndizi kichwani.

"Mwashibukeni, bamayo," akamwamkia kwa Kibemba. "Mliandikiwa saa ngapi?"

"Kumi! Tena nimekumbuka kwamba saa zenu ziko mbele ya zetu kwa saa moja." Akamwonyesha simu.

Sekela akaitazama ile 10:00, akaanza kucheka hadi beseni likayumba. "Bamayo wangu! Mume wangu akiona kumi anajua ni ya jioni. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Tovuti haikuzaliwa Tunduma!"

Akatua beseni kwenye meza yangu, akafungua mlango, akachukua futi ya kupimia. "Kaeni. Nitawapima mimi."

Nikatuma bodaboda kwa kinyozi. Masumbuko akaja mbio, amenyolewa upande mmoja, shuka la kinyozi shingoni. Bibi harusi aliangua kicheko. Tukamsomea tovuti yake: eti hufungua saa nane usiku na kufunga saa sita mchana! Kumbe yeye aliandika 2:00 hadi 12:00, akimaanisha asubuhi hadi jioni.

"Nisamehe, bamayo," alisema. "Simu hii imenidanganya."

"Simu haijakosea, Baba Lusubilo," Sekela akasema taratibu.

Masumbuko akainamisha kile kichwa chake cha nusu. "Ni mimi. Nimewaita watu waongo, kumbe walikuja, mimi ndiye sikuwepo."

Bamayo Mutale akamshika mkono, akamwachia furushi lote.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Conjesta akiwa vilevile, nusu kanyoa. Conjesta alicheka mpaka karatasi zikamwagika, kisha wakairekebisha wote wawili. Leo kibaraza kiko wazi tangu asubuhi, na kwenye tovuti Masumbuko na Sekela wamesimama pamoja, yeye na tai, mkewe na mkasi.

FUNZO

Wewe unayeanza kujenga tovuti yako, jenga bila woga. Lakini kabla hujaifungua, mpe mtu mwingine aisome, na umsikilize. Andika saa kwa namna ambayo hata mgeni ataielewa. Na wateja wasipotokea, usikimbilie kuwatukana: huenda wamesimama mlangoni kwako, na wewe ndiye haupo.