Mchi wa Bibi

Kila alasiri, nyumba za Buyenzi zikianza kunukia mawese, Mwanvua na mama yake walitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, kila mtu na mchi wake. Mmoja akishusha, mwingine anapandisha. Mchi wa Mwanvua ulikuwa wa bibi yake, aliyemfundisha kutwanga, na ambaye alifariki kabla ya Ramadhani.

Msibani watu walimkataza asilie. "Machozi yatamchoma marehemu," walisema. Mtoto mtiifu, akayameza yote.

Tangu hapo usingizi ukampaa, na jambo la ajabu likaanza. Alijiona kama amesimama pembeni, anamtazama msichana mwingine akienda shule na kumjibu mwalimu. Hakumwambia mtu. Aliogopa wangesema ana majini, wamwachishe shule.

Siku moja mama aliingiza mkono kinuni kugeuza majani. Mwanvua aliuona, lakini mchi ukashuka tu.

"Yoo! Kidole changu!"

Mwanvua alibaki kasimama kama gogo. Hakusikia huruma hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha. Je, hampendi tena mama yake?

Shangazi Waridi, muuguzi wa zahanati, alikuja kukifunga kidole. Alipomaliza akamtazama mtoto. "Mwanvua, we uko wapi?"

"Mi niko mbali, shangazi. Naona kama mikono hii si yangu. Nimekuwa mwenda wazimu?"

"Apana, mwanangu. Unajua vizuri kama ni yako, ila hisia ndiyo imekaa mbali. Mutu akibeba huzuni bila kulala wala kulia, moyo wake unaweza kujificha usiumie. Nimeona wengine, na walirudi."

"Walinikataza kulia."

"Walikosea," mama alisema, akimvuta kifuani. "Hata Mtume alilia alipofiwa na mtoto. Mi mwenyewe nalia nikijificha, usinione."

Basi wakalia pamoja, na hakuna aliyewakataza.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," shangazi alisema. "Na ya moyo ni maradhi pia. Ukiyasikia, sema mapema kwa mtu mzima anayekupenda."

Hali ile haikuondoka siku moja. Usingizi ulirudi kwanza, kisha kicheko. Alasiri moja, akitwanga, Mwanvua alihisi kiganjani mahali palipolainishwa na mkono wa bibi. Mama akaingiza mkono kinuni bila woga, na mchi ukamsubiri juu.