Maneno ya Mwisho Ambayo Sikuyasema

Nina miaka thelathini na mmoja, na kijijini kwetu Kasense mimi nilikwisha kufa... Misa yangu ilisomwa, matanga yangu yakakaliwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini uchungu ni wangu mwenyewe!

Shule niliacha darasa la tano. Miguu yangu haikutulia. Nikisikia gari linanguruma barabarani, lazima nijue linakwenda wapi. Asubuhi moja wakati wa vita ya Kagera nilimwambia mke wangu, Tekla, kwamba nakwenda sokoni Mazwi kutafuta chumvi. Huko nikakuta lori la tajiri mmoja wa mjini limechukuliwa na serikali kupeleka unga vitani, na wapakiaji wanatakiwa. Nikapanda! Sikuwa nimepanga, wala sikurudi kuaga. Jirani yangu Kasiano naye akapanda.

Tulipofika Tabora Kasiano alishikwa na homa kali, akarudishwa nyumbani. Mimi nikaendelea. Vita yenyewe sikuiona sana. Niliona matope, magunia, na nyumba zisizo na watu. Ilipokwisha nikabaki Bukoba nikibeba kahawa, kwa sababu nilitaka kujua na kule kukoje... Zaidi ya mwaka! Hata salamu sikutuma. Nilidhani mke hungoja tu, kama nyumba inavyongoja.

Niliporudi, mama yangu aliniona mlangoni, akashika nguzo. Akaniuliza kwa Kifipa, kwa sauti ndogo, kama nimekuja kumchukua.

Kisha mdogo wangu Fidelis akatoka ndani ya nyumba yangu. Nyuma yake akatoka Tekla... mjamzito. Wazee walikuwa wamemkabidhi kwa Fidelis, kama ilivyo kwa mjane. Ndugu zangu, mngefanya nini?

Nikaambiwa habari za kifo changu zilitoka kwa Kasiano, nikamwendea. Kwetu siku za kulima matuta kwa pamoja, baadaye watu hunywa pombe ya ulezi, na mwaka ule wa vita mwenye habari za Kagera alikalishwa karibu na mtungi. Jembe hakushika. Nilimkuta amekaa palepale. Aliponiona kata ya pombe ilimdondoka.

"Nestori, kaka, nisikilize kwanza," akasema. "Niliona aibu kusema nimeishia Tabora. Dereva mmoja aliniambia lori la wapakiaji limepigwa. Hiyo ilikuwa kweli! Sasa watu wakaniuliza, na Nestori je? Nikisema sijui, wanacheka, wanasema, huyu alikwenda vitani au alikwenda kulala?"

"Ukaniua ili wasikucheke?"

"Niliposema umekufa walinyamaza wote. Halafu mama yako akauliza, mwanangu alisema nini mwisho? Wewe ungemjibu nini mama wa mwenzako? Kwamba hukusema kitu?"

Basi akanitungia maneno! Kwamba nilimshika mkono nikasema, mwambie Tekla anisamehe kwa kuzurura kwangu, hapakuwa na nyumba nzuri kuliko yake, na Fidelis amtunze, asiishi peke yake.

Wazee wakatuita. Baba mkubwa alisema hataki hadithi ndefu.

"Tulimkabidhi kwa maneno yako," aliniambia. "Kama uliyasema, ukiwa umeumia au umechanganyikiwa, yatasimama. Kama hukuyasema, mke ni wako, arudi leo, na Fidelis ajibu aibu ya mtoto huyo. Uliyasema?"

Fidelis alitazama chini. Mimi nilikuwa nataka kwangu! Nilikuwa nimefungua mdomo...

Tekla akaniwahi. Hakulia. "Shemasi aliyarudia kanisani," alisema. "Miaka yote tuliyokaa, Nestori, hayo ndiyo maneno mazuri niliyowahi kusikia kutoka kwako. Ndiyo niliyoyalilia."

Ningemjibuje? Nimwambie hata hayo si yangu?

Nikasema, "Niliyasema."

Watu wakashusha pumzi. Mama akanikumbatia. Na mimi, niliyekuja na haki yangu mkononi, nikawa nimeugongea mhuri uongo wa mtu mwingine. Nikalala kwa mama kama mgeni. Kulipokucha nikamsikia Tekla ng'ambo ya uzio akicheka kidogo na Fidelis, kicheko cha watu waliozoeana... Nikachukua blanketi, nikaondoka. Wapi? Sikujua!

Nilishuka mlima hadi bondeni, joto likanipokea. Huko Mtowisa, kijiji cha bondeni, sina ndugu wala rafiki. Mkulima mmoja wa mpunga alinipa pembe ya ghala lake. Jioni watoto wake na majirani wakanizunguka, mtu wa Kagera kafika! Wakauliza wangapi niliwaua. Nikawaambia nilibeba unga. Na mapigano? Nikasema sikuyaona, siyajui. Wakachoka haraka, mmoja mmoja wakaenda kwao. Nikabaki na magunia, mbu na giza.

Ninyi mnaosoma, nawasihi! Kabla hamjapeleka habari ya mtu, jiulizeni kama mmeiona au mmeambiwa. Mkiambiwa, mseme mmeambiwa. Msipojua, mseme hamjui, hata wakiwacheka, hata anayeuliza akiwa mama anayelia. Na ninyi wa kuzurura kama mimi, tumeni salamu mngali hai, msiwaachie wengine kuwasemea.

Neno "sijui" kutoka kwa Kasiano lingemwumiza Tekla kila siku, najua. Lakini mlango wangu ungebaki wazi.