Mama wa Kiti cha Nyuma

Asubuhi hiyo Wendell Kratochvil alikunywa kahawa yake kama kawaida, akafunga trela nyuma ya pikapu, akamwinamia mkewe kibarazani.

"Leo nakuletea kiti chako, bibie," alisema.

Ardith alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa tangu Februari, kiharusi kilipompiga, na mkono wa upande huo ulilala mapajani kama kitu cha kuazimwa. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amepanda pikipiki nyuma ya mumewe, na walikuwa na taratibu zao, zilezile za waendeshaji wote wa Nebraska. Abiria hapandi wala hashuki mpaka dereva aseme. Akishakaa vizuri anamgonga dereva begani mara mbili: niko tayari, twende. Wendell alikuwa na hamu na mguso ule kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Pikipiki ya magurudumu mawili ingemwangusha Ardith. Ya matatu ingemrudisha mgongoni kwake.

"Baba, usije ukatuletea mkweche!" Janelle, binti yao, alimpigia kelele kutoka jikoni.

Muuzaji wa pikipiki hiyo ya magurudumu matatu aliishi mashariki, kule barabara inakopita katikati ya vilima vya mchanga na ng'ombe. Jina lake Orville Stastny, mzee mwembamba mwenye macho mekundu. Pikipiki yake iling'aa vizuri mno. Waliipandisha kwenye trela pamoja, wakaifunga mikanda mbele na nyuma. Wakati huo wingu la kijani lilikuwa likipanda upande wa kusini, na kila mtu wa huko anajua wingu la rangi hiyo limebeba mvua ya mawe.

Orville aliweka kiganja juu ya kiti cha abiria, hakukiondoa.

"Ngoja kidogo," alisema. "Velda wangu alifia hapa. Moyo. Nilidhani amelala, nikaendesha naye hivyohivyo hadi mjini. Watu wa ambulansi ndio waliomteremsha. Mimi sikumwambia ashuke. Mpaka leo sijaweza. Niache nimwambie."

"Pole sana, mzee wangu. Pole kweli. Lakini mawe yale yakitukuta hapa, nitapeleka vyuma chakavu nyumbani."

"Dakika moja tu."

"Utamwambia ukiwa ndani, atakusikia," Wendell alisema, akaingia kwenye pikapu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka ilimtia upumbavu.

Baada ya mwendo mfupi alisimama kukagua mikanda, kama afanyavyo yeyote mwenye akili anayebeba mzigo. Ya mbele ilikuwa imekaza vilevile. Ya nyuma ilikuwa inaning'inia, kwa sababu pikipiki ilikuwa imebonyea nyuma, springi zimekaa chini kabisa. Aliikaza. Aliposimama tena kuweka mafuta, ilikuwa imelegea tena. Akajiambia springi zimechoka.

Mvua ya mawe ilikuwa imebaki nyuma na jua linawaka vizuri pale taa za polisi zilipomfuata. Askari alikuwa kijana, na alikuja dirishani amekasirika.

"Mzee, huna huruma wewe? Unampakia mama wa watu kwenye trela?"

"Mama gani, afande?"

"Huyo aliyekaa kwenye pikipiki! Mwenye skafu ya njano. Nimempungia mkono, wala hakunitazama. Amekumbatia mbele, utadhani kuna mtu."

Wakaenda nyuma pamoja. Kiti kilikuwa kitupu. Kijana akageuka mweupe, akashika kichwa. "Ameanguka. Mungu wangu, ameanguka!" Wakarudi wote wawili kwa miguu, wakipekua majani ya kando ya barabara na kuita. Hawakukuta hata kiatu. Mwisho askari alisimama, akaitazama trela kwa mbali.

"Nenda nyumbani, mzee," alinong'ona. "Endesha polepole."

Hakumwandikia faini.

Wendell aliogopa, tusidanganyane. Lakini alimfikiria Ardith pale kibarazani, akainua kioo cha nyuma kikatazama paa, akaendelea.

Alipofika, nyumba ilinukia maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini. Ardith alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, helmeti mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu Februari alicheka kwa sauti. Kicheko hicho kilimaliza woga wote. Wendell akashusha pikipiki, akakaa mbele, akawasha injini.

"Janelle, mlete mama yako!"

Injini ilinguruma. Alihisi pikipiki ikiyumba kidogo, mtu anapanda. Kisha begani, mara mbili.

Bega la kushoto.

"Mkono wako!" Wendell alilia. "Ardith, mkono wako umepona!"

Machozi yakamtoka, akaondoka. Mikono miwili ilimzunguka kiunoni, yote miwili, ikambana. Alipita kanisa, akapita maghala ya nafaka, akizungumza peke yake kwa furaha. Aligeuza mwisho wa barabara, akarudi.

Janelle alikuwa katikati ya njia, anapunga mikono. Nyuma yake Ardith alikuwa kwenye kiti chake. Helmeti ilikuwa bado mapajani.

Wendell alisimama mbele ya nyumba. Mikono haikumwachia. Ilikuwa baridi. Hakuthubutu kuangalia chini. Alikumbuka Orville na dakika yake moja.

"Tumefika," alinong'ona. "Shuka."

Mikono ikaachia. Springi zikapanda. Akavuta pumzi.

Kisha kokoto zikalia. Hatua moja. Nyingine. Zilimpita Ardith, naye akageuza shingo polepole, akizifuata kwa macho. Mlango wa wavu ulifunguka. Ukajifunga.

"Wendell," Ardith alisema kwa ulimi wake mzito. "Nani huyo umemkaribisha?"

Wiki hiyohiyo aliirudisha pikipiki. Hakutaka hata senti. Orville aliipanda palepale juu ya trela, akanyoosha mkono nyuma, akapapasa kiti. Akapapasa tena. Uso wake ukasawijika.

"Hayupo," alisema. "Umemshusha wapi?"

Wendell aliinama, akaanza kufungua mikanda.

Ardith sasa analala sebuleni. Amekataa kitanda chao, anasema pale pana mtu. Janelle ameligeuza godoro mara nyingi, na kila asubuhi upande wa mama yake umebonyea. Wendell analala ukingoni kabisa, shuka imefunika bega la kushoto.