Kaptula Ananuka

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, na mbwa wangu Kaptula hulala chini ya meza. Wifi yangu, nyumba ya pili, ana mbwa pia. Mbwa wetu ni ndugu, tumbo moja. Wake anang'aa. Wangu alianza kujikuna kutwa, akanuka.

"Huyu anawakimbiza wateja," mume wangu akasema. "Nitampeleka kwa dada. Yeye anajua kutunza."

Weee! Kaptula wangu, kwa wifi? Kwa wivu, kila siku nikamwogesha kwa sabuni ya unga, nikampaka mafuta ya kupikia ili ang'ae kumshinda mbwa wa wifi. Wapi! Makwapa yakawa mekundu, kisha ngozi ikawa nyeusi na nene. Masikio yakatoa uchafu wa kahawia.

"Wifi, mpeleke kwa daktari wa mifugo," wifi akasema.

"Nani kakuuliza?" nikamjibu.

Lakini siku Kaptula alipojikuna hadi kutoka damu, nilimbeba mwenyewe.

Daktari alichukua uchafu kidogo wa ngozi, akautazama kwa hadubini.

"Ni fangasi," alisema. "Huwa wapo kwenye ngozi ya mbwa. Wakipata unyevu na mafuta, wanaongezeka. Ukimwogesha, unamkausha?"

"Jua linamkausha."

"Unampaka chochote?"

"Mafuta... ya kupikia."

"Mama, unawalisha fangasi! Acha mafuta, acha sabuni ya unga. Tumia shampuu hii ya dawa mara mbili kwa wiki. Povu likae dakika kumi. Msuuze, mkaushe vizuri, hata katikati ya vidole. Dawa hii nyingine ni ya masikio. Akipata nafuu usiache, maliza dawa. Kisha mlete, tutafute chanzo. Huenda ni viroboto, au chakula kinamdhuru."

Dakika kumi! Kaptula hakai hata moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, nikamwita wifi. Alipomshika tu, mbwa akatulia tuli. Roho iliniuma, jamani! Lakini nikaendelea kumsugua.

Harufu ikaisha. Manyoya yaliyonyonyoka yakaota tena. Mume wangu hakutaja tena habari ya kumhamisha.

Majuzi wifi alikuja na mbwa wake anayejikuna sikio.

"Wifi, naye ananuka. Nigawie dawa ya Kaptula."

Nilifurahi kidogo, sikatai. Kisha nikaweka mkasi chini.

"Sikupi," nikamwambia. "Wako hajapimwa. Subiri nivae viatu, twende wote kwa daktari."