Nyumba ya Kilio Kwenye Ramani

—Usikae hapo! akasema Jolie. Ile iko kiti ya Nshombo.

Kizito akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Nshombo, mume wa Jolie, alitoweka vitani Kongo na mwili haukuonekana. Hapa Black Rock, walikokimbilia ng'ambo, bado anapakuliwa ugali. Jolie na mama mkwe wake, Adolphine, walikataa kumwekea kilio. Ngazi zikilia tu, wote wawili hugeukia mlango. Jamani, kumpenda mwanamke wa hivyo ni kujitakia! Na Kizito, Mtanzania anayesomea ramani kule Amherst, alikuwa amekwishakolea. Asubuhi ile alimtumia ujumbe:

"Nimepata kazi Columbus, naondoka Jumapili. Nataka kukuoa, Jolie. Leo nipe jibu."

Sasa alikuwa amelifuata jibu lake. Akakunjua karatasi mezani: mtaa wao wa Bukavu, aliouchonga kwenye bamba la shaba kwa masimulizi yao, akaupiga chapa.

—Nimeiga ramani ya zamani ya Roma, nayo ilichongwa kwenye shaba. Wachora miji wanaiiga mpaka leo. Nyumba za watu ni nyeusi. Panapoingia yeyote, njia, soko, hata ndani ya kanisa, peupe.

Kidole cha Jolie kikaipata nyumba yake. Nyeusi tii.

—Umemufungia ndani.

—Ni nyumba ya mtu, Jolie. Huingii bila hodi.

—Na siku ya kilio? Donc, nani anapigaka hodi? Mulango haifungwaka! Hata adui anaingia, analia.

Jikoni, Adolphine akaacha mwiko.

—Kizito, iweke mweupe. Mwana yangu alikufa.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa mle ndani. Jolie akapiga yowe, Kizito akalia naye, kwa wivu na kwa huruma, sijui kipi kilizidi.

Akaikwangua mistari ya nyumba ile kwenye shaba, akapiga chapa upya. Jumamosi mlango ulikaa wazi kutwa, theluji ikiingia. Wakongo walikuja kutoka Riverside, wengine Louisville. Kizito alipanga viti na kugawa chai kwenye kilio cha mume wa mwanamke anayempenda.

Watu walipotawanyika, akaaga.

—Kesho nasafiri. Sitakudai jibu tena, Jolie.

—Bon, ngoja, akasema Adolphine. Wazazi yako wako wapi?

—Bukoba, mama.

—Wapigie simu.

Kizito akamtazama Jolie. Jolie akafuta machozi kwa kitenge, akaitikia kwa kichwa.

—Waambie mahari wataniletea miye, akasema Adolphine. Nilikuwa mama ya bwana yake. Sasa niko mama yake.